Jozi ya Thelathini na Mbili

"Mvua inakuja," mwanamke alisema ndani ya hedifoni.

Masikio alirudisha sauti nyuma kwa mara ya tatu. Mvua inakuja. Kisha kiti kikatoa mlio, mtu akakohoa, na yule mume hakusema lolote. Sekunde tano. Sekunde nane. Akachukua kalamu, na kwenye fomu ya jozi ya thelathini na moja akatia alama ya kosa, ndogo, kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi.

Alama ile ilimuuma. Si kwa ajili ya hao wawili. Hawakujua hata kama yupo duniani. Ilimuuma kwa sababu jana jioni, mbele ya sufuria, yeye mwenyewe alikuwa amesema maneno hayohayo, na hakuna aliyemjibu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Chini, katika chumba chenye viti viwili na kinasa sauti, mke na mume waliokubali na kutia saini waliachwa dakika ishirini wazungumze wanachotaka. Juu, Masikio na mzee mwenzake wa kazi, Mstaafu, waliwasikiliza. Mmoja akimtupia mwenzake neno, hata liwe la kuku kuingia ndani, huo ulikuwa mwito. Mwenzake akiitika, waliandika vema. Akikaa kimya, kosa. Akijibu kwa kuchoma, waliandika jiwe. Mwenye utafiti huo, Daktari, ambaye alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano, aliamini kwamba ndoa haivunjiki siku moja kwa kishindo. Huchakaa kama kamba ya kisima, na kila mwito usioitikiwa ni uzi mmoja umekatika.

"Nipeni fomu tatu za watu wawili," alizoea kusema, "niwaambie watakuwa wapi baada ya miaka mitano."

"Na mimi na marehemu mke wangu?" Mstaafu alimuuliza siku moja. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, na sasa hakuwa na pa kupeleka masikio yake. "Tungefeli, Daktari. Tungefeli vibaya. Miaka arobaini niliitwa 'wewe'. Wewe, njoo ule. Wewe, umeacha mlango wazi. Siku aliyokufa ndipo nilipojua kumbe lilikuwa jina langu."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Masikio alitazama meza.

Jina hilo la Masikio alipewa na mzee huyohuyo, kwa kuwa alisikia hata mtu akimeza mate. Alilipokea haraka, kama aliyenyeshewa anavyopokea shuka la kuazima. Miezi saba ilikuwa imepita tangu apoteze jina lake. Mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mama Chiriku. Binti yake aliongea tangu anapofumbua macho hadi usingizi umkate sentensi katikati, ndipo baba yake akampachika jina la yule ndege mdogo asiyenyamaza. Alikuwa na miaka minane. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Baada ya mazishi watu wakaanza kumwita mama yake "dada" au "jirani", au wakamgusa bega tu bila kumwita chochote.

Mumewe, ambaye wateja walimwita Fundi Barafu kwa sababu ya kutengeneza mafriji, hakumwita kabisa.

Jumapili iliyopita ndipo hofu ilipopata miguu. Fundi alisimama mbele ya friji lao, akaufungua mlango, akaufunga bila kutoa kitu.

"Wananitaka kwenye ghala la baridi, kule mbali nilikokwenda mwaka juzi," aliuambia mlango. "Mkataba wa miaka miwili. Ijumaa saa sita mchana watapiga simu, wanataka jibu."

"Aha," Masikio alisema.

Alingoja. Hakuambiwa watahama, wala hakuulizwa angebaki na nani. Naye hakuuliza, maana anayeuliza hujibiwa.

Kesho yake alirudi nyumbani na fomu ya ofisini ameikunja mara nne. Juu yake aliandika: Jozi ya 32. Akaificha chini ya kopo la chumvi.

Jumatatu ilimpa miito kumi na mmoja na vema tatu. "Chakula tayari," alikuwa amesema, na Fundi akaja kimyakimya akala. Hapo alisumbuka sana na kalamu. Kuja kula ni kuitika, au ni njaa tu? Akaandika kosa. Jumanne, vema mbili. Jumatano alisema bomba la uani linavuja. Fundi akainuka bila neno, akachukua spana, akatoka, na alipolala bomba lilikuwa halidondoki tena. Lakini fomu ilitaka sauti. Kosa.

Safu ya kulia, ile ya miito ya mume kwa mke, ilikuwa nyeupe tupu. Ndiyo iliyomnyima usingizi.

Alhamisi asubuhi alimfuata Daktari akiwa peke yake.

"Daktari, mume ambaye hamwiti mkewe kabisa, anaandikwaje?"

"Hajibu?"

"Mara mojamoja anajibu. Lakini hamwiti. Si kwa jina, si kwa 'sikiliza', si kwa lolote."

"Jozi ipi hiyo?"

"Nauliza tu."

Daktari alimtazama kama mwenye swali la pili, kisha akaliacha. "Fomu yangu haina sehemu hiyo, dada. Ila nimeona jambo moja. Watu wawili wakipatwa na hofu moja, mmoja humkimbilia mwenzake na mwingine humkimbia. Wa kwanza akizidisha mbio, wa pili huongeza hatua. Na ukiwauliza, kila mmoja atakwambia mwenzake ndiye aliyeanza."

"Wanaishia wapi?"

"Wakichoka, wanasimama."

"Karibu au mbali?"

Daktari alivaa miwani yake polepole. "Ningekuwa najua, nisingewapa nyinyi kazi ya kusikiliza."

Jioni hiyo Masikio alitoka ofisini na kinasa sauti ndani ya kikapu, chini ya vitunguu. Alijua ni kosa. Wale wa chumba cha chini walitia saini. Fundi hakutia saini popote. Lakini alijiambia kwamba labda anaandika vibaya, labda masikio yake ya nyumbani si yale ya kazini. Akakiwasha, akakiweka nyuma ya kopo la unga.

Walikula. Upepo ulianza kupiga mabati, akatoka kuanua nguo. Aliporudi na mzigo kifuani alisikia mnong'ono jikoni, na alipoingia ukakatika. Fundi alikuwa amesimama, kiganja kimekaa juu ya friji.

"Unaongea na nani?"

"Na friji."

Masikio aliweka nguo chini. Basi hata friji linaongeleshwa, alifikiri. Akangoja Fundi atoke kwenda kuoga, akavuta fomu chini ya kopo la chumvi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaandika jiwe.

Ijumaa saa nne alikuwa kwenye kiti chake, hedifoni masikioni, na Mstaafu akisinzia upande wa pili wa meza. Akaanza kusikiliza nyumba yake.

Kwanza ilikuwa aibu. Hakudhani sauti yake ilikuwa kavu vile: "Sogeza sahani." "Chumvi hiyo." Ilikuwa sauti ya karani wa dirishani saa za kufunga. Vijiko vikagonga. Friji likanguruma. Kisha sauti ya mume, chini kabisa:

"Upepo wa leo utaangusha nguo."

Baada ya hapo, kimya. Sekunde tano. Sekunde nane. Kiti kikasukumwa, na nyayo zake yeye zikatoka nje.

Alirudisha nyuma. Upepo wa leo utaangusha nguo. Hakukumbuka kuyasikia maneno hayo. Alikuwa mezani, hatua moja kutoka kwake, akihesabu kichwani. Mwito ulirushwa, na yeye ndiye aliyenyamaza. Ni makosa mangapi ya namna hiyo wiki nzima, ambayo hakuna aliyeyaandika?

Aliacha iendelee. Mlango wa nje. Upepo. Nyayo za Fundi zikienda kwenye friji, zikisimama. Pumzi.

"Mama," Fundi alisema, akakatisha.

Masikio alibana hedifoni kwa mikono miwili.

"Mama Chi..."

Friji lilinguruma, likatikisika, likazima. Ndani ya ule utulivu alisikia mtu akimeza mate. Kisha sauti ikaanza upya, kwa uangalifu, kama mtoto anayejifunza shairi la darasani.

"Mama Chiriku. Twende wote. Mama Chiriku, mimi peke yangu kule..."

Mlango. Nyayo zake yeye. Na sauti yake mwenyewe, kavu kama mfupa: "Unaongea na nani?"

Alivua hedifoni. Mstaafu alikuwa ameamka, anamtazama.

"Binti, jozi gani hiyo inayokuliza? Mwanamume anampiga?"

"Hapana, mzee. Anamwita."

"Sasa hilo nalo la kulia?"

Alifungua kikapu, akaitoa ile fomu, akaipitia mstari kwa mstari. Chakula tayari. Bomba linavuja. Mvua inakuja. Miito yake yote ya siku nne, na hakuna hata mmoja wenye jina. Naye alikuwa hajasema Baba Chiriku tangu siku ile walipotoka wodini, mmoja amebeba blanketi, mwingine amebeba viatu vidogo. Kumwita kwa jina hilo ni kumtaja mtoto. Kumwita kwa jingine ni kumzika mara ya pili. Basi wakawa wanapishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

"Saa ngapi, mzee?"

"Tano na nusu. Daktari akikuuliza nimwambieje?"

"Mwambie nimekwenda kusahihisha."

Karakana ya mumewe ilikuwa mwendo wa nusu saa, na sehemu ya mwisho alikimbia, viatu mkononi. Mafriji matatu yalisimama nje kama wagonjwa wanaongoja zamu. Ndani, nyuma ya la nne, Fundi alikuwa amepiga magoti, shavu limelala kwenye ubavu wa bati, anasikiliza injini. Simu yake ilikuwa kwenye benchi, uso juu.

Bila kugeuka aliinua kidole kimoja. Subiri.

Kidole hicho alikijua miaka yote. Kila akisikiliza friji alikiinua, na Chiriku, akiwa ameletwa karakana baada ya shule, aliinua chake pia. Na hiyo ndiyo dakika pekee katika siku ambayo mtoto yule alinyamaza.

Masikio alisubiri, kifua kikipanda na kushuka. Alimtazama mgongoni na hakuweza kujua kama jibu limeshatolewa au bado. Injini ilinguruma, ikatikisika, ikazima.

"Baba," alisema.

Hilo lilitoka. La pili bado. Kwenye benchi simu iliwaka, ikaanza kulia, ikizunguka kidogokidogo juu ya mbao. Fundi hakuitazama.

"Baba Chi..."

Friji lilikuwa limenyamaza, hamna tena cha kusikiliza ndani yake, lakini Fundi hakuondoa shavu kwenye bati. Kidole chake kilikuwa bado juu; sasa alikuwa akimsikiliza yeye.