Mkamwana Aliyetoka Njiani na Gari Zima

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka 2024, mkamwana wangu alipindua gari mtaroni kwa sababu ananiheshimu.

Sisemi hivyo kwa kumcheka. Jangwa la Sahara alilivuka, halikumfanya kitu. Mto Kongo aliuvuka juu ya pantoni lililojaa mbuzi na askari walevi. Afrika nzima wameizunguka kwa gari, yeye kwenye usukani, mwanangu Lusungu pembeni anapiga picha na kukoroma. Huko kote kwenye vita na simba, gari halikupata hata mkwaruzo. Likaja kuanguka kwetu, nchi ya amani, karibu na mgomba wangu.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akiniona njiani, anatoka njiani na kujificha mpaka nipite. Mimi nami natazama pembeni kama mwizi wa kuku. Vijana wameacha mambo hayo. Wazee wa ukoo wetu hawajaacha, maana ndiyo kazi pekee waliyobaki nayo. Huyu Nahla ni binti wa Tanga, Mwislamu. Walioana bomani Dar es Salaam, wakaondoka na gari lao, mimi nilikuwa namjua kwa picha za kwenye simu tu. Walipovuka mpaka Kasumulu wakitokea Malawi, Lusungu akamfundisha mila: "Ukimwona mzee, toka njiani." Hakumwambia kwamba mila hiyo iliwekwa na watu wanaotembea kwa miguu.

Siku hiyo Lusungu alishuka Tukuyu mjini akanyoe rasta zake, nisije nikaziona. Akamwambia mkewe atangulie, barabara ya kijijini ni moja, yeye atakuja na bodaboda. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Mimi nasukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, mara naona Landkruza inakuja, hema juu ya paa, madumu ubavuni. Nikadhani ni wakubwa wamepotea, maana wakubwa huku hawaji kwa kukusudia. Yule mwanamke akanitazama, nikamtazama, tukajuana. Mimi nikarukia kwenye shamba la chai. Yeye akakata usukani upande wa pili.

Gari likalala ubavu. Mtaro wenyewe si mtaro, ni korongo lililochimbwa na maji, kwa sababu diwani wetu alituahidi kalavati, na kila kampeni analiahidi upya kama vile ni kalavati jingine.

Nikavua koti nikajifunika kichwa. Kusema naye siruhusiwi, basi nikasema na mgomba.

"Wewe mgomba, muulize huyo aliyemo ndani kama ameumia."

Halafu ikatoka sauti ya Kitanga kabisa, taratibu, utadhani mtu yuko barazani.

"Mgomba, shikamoo. Mwambie baba mguu umebanwa na jiko la gesi, na maji yanaingia."

"Mgomba, mwambie alisukume hilo jiko."

"Mgomba, mwambie baba ningeweza kulisukuma nisingekuwa nazungumza na mgomba."

Nikacheka ndani ya koti. Ndipo nikasikia korongo linanguruma. Mvua ya mlimani Rungwe inachelewa kufika kwetu, lakini ikifika haipigi hodi.

"Yamefika wapi?" nikauliza, nikasahau kumtaja mgomba.

"Kifuani, baba."

Pale pale ndipo alipofia mke wangu Atuganile, masika ya mwaka uliotangulia. Tulimkodia pikapu kumpeleka hospitali, ikazama kwenye tope hilo hilo. Tukampigia diwani atuombee trekta la shamba la chai. Akasema trekta bovu, tuvute subira. Tukavuta subira mpaka mwenzangu akanyamaza. Lusungu na Nahla walikuwa huko Gaboni, kuzika hawakuwahi; yote hayo nilimsimulia Lusungu kwenye simu. Hii safari ya kuja kwangu ndiyo ilikuwa ya kuhani.

Nikatupa koti, na mila nikaitupa nalo. Nikapanda juu ya gari, nikafungua mlango uliokuwa unatazama mbinguni, nikamshika makwapani. Nikamvuta kama ndama anayezaliwa vibaya. Jiko likaachia, akatoka na matope na kiatu kimoja. Tukakaa juu ya ubavu wa gari, mtu na mkamwana wake, uso kwa uso, mchana kweupe.

"Pole, mwanangu."

"Nimetoka njiani vizuri, baba?"

"Umezidisha."

Watu wakajaa. Mzee Hezron, mkubwa wa ukoo wetu, akaja na mwavuli. Habari ya mguu hakuuliza.

"Ambindwile, umemshika mkamwana."

"Nimemshika."

"Makwapani."

"Ulitaka nimshike wapi, Hezron? Chagua mwenyewe."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema nimeleta mkosi. Lazima nichinje ng'ombe mbele ya wazee, na kabla ya hapo huyo mwanamke asikanyage uani kwangu.

"Na kaburi la mama?" Nahla akauliza.

"Kaburi liko uani," Hezron akajibu.

Nikamwambia, "Ng'ombe wangu wa mwisho mlimla kwenye matanga ya mke wangu. Mkitaka mwingine, mtapikeni yule."

Nahla hakubishana. Simu yake ilikuwa shingoni kwenye mfuko wa plastiki, haikulowa. Akaiinua akaanza kuongea na watu wake wanaoifuata safari yao mtandaoni, wengi kuliko wapiga kura wa kata yetu. Akawaonyesha korongo, gari, mwavuli wa Hezron. Lusungu akafika na bodaboda, kichwa kama yai, akawa anazunguka gari huku analia. Hajamaliza kuzunguka, tukasikia trekta.

Lile lile bovu. Diwani kakaa juu ya tairi, buti safi, anachekea simu ya Nahla. Hakuna aliyempigia, alikuwa anatutazama kwenye simu yake huko alikokuwa. "Poleni sana wageni wetu," akasema, "viongozi wenu tupo kazini." Mnyororo ukafungwa, gari likang'oka kama jino. Akamgeukia Hezron, akamwambia mila zisikwamishe utalii. Na Hezron, aliyetaka ng'ombe, akafunga mwavuli akasema kweli mheshimiwa, mgeni aende tu kaburini.

Kumbe mkosi nao unajua cheo cha mtu.

Nahla akamsogelea diwani akichechemea, simu juu. Mimi nilisimama kando yake, sikujificha, naye hakutoka njiani. Akamshukuru kwanza, kama walivyolelewa watu wa pwani. Kisha akauliza. Tabasamu la diwani lilibaki pale pale, macho ndiyo yaliyoondoka. Gari limeshatengenezwa, kaburi amelizuru, wameshafika Dar. Diwani bado ananipita barabarani bila kushusha kioo, na swali lenyewe watu wanalo mpaka leo kwenye simu zao:

"Mheshimiwa, hili trekta lilikuwa wapi siku mama anafia hapa?"