Mlima Huu Hauuzwi

Muema wa Soweto West alikuwa ameandika "Plot hii haiuzwi" kwenye kuta nyingi kuliko nywele zilizombakia kichwani. Wenye plot wote wa Kawangware walimjua: ukiogopa tapeli atauza kiwanja chako ukiwa matangani, unamwita Muema na kopo lake la rangi nyekundu. Lakini picha? Hakuna aliyewahi kumpa achore hata kuku.

Kwa hiyo Wangoi, binti ya Mzee Kagiri, alipomwita Riruta Satellite achore ukuta wa darasa lake jipya la Kichina, Muema alinyoa ndevu kwanza. Wangoi akamsomea shairi la kale la Wachina, akilitafsiri polepole:

Ukungu waja, mlima hausemi karibu.
Ukungu waenda, mlima hausemi kwaheri.
Nimeketi hapa tangu asubuhi;
viatu vyangu vimeota ukoka.

Akamwambia maana imefichwa humo ndani, asiiandike, aichore tu. Bi Adero, aliyemfundisha Wangoi Kichina, angekuja Jumamosi adhuhuri. Akiupenda ukuta, Muema angepewa na zile kuta tatu zilizobaki. Asipoupenda, arudi kwa plot zake.

Siku tatu alichora. Ukungu aliupaka kwa sponji ya kuoshea vyombo, mlima akaupa kijani cha sukuma wiki iliyolala. Jumamosi akawa anamalizia huku akipiga stori na Kaluki, muuza githeri wa mlangoni, juu ya harusi fulani ya Machakos. Mkono nao, ulioachwa bila msimamizi, ukafanya ulichozoea miaka ishirini kila ukuta ukiisha.

"Muema," Kaluki akasema, mwiko ukiwa hewani, "huo mlima nani alitaka kuununua?"

Chini ya mlima, kwa herufi nyekundu nene: MLIMA HUU HAUUZWI.

Rangi nyeupe ya kufutia ilikuwa imeisha, na Bi Adero alikuwa tayari anavuka mtaro, sketi ameikusanya mkononi. Wangoi akashika kichwa. Bi Adero alitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi, nani alikuambia maana ya shairi?"

Muema alitafuta uongo, akaukosa. "Mwalimu, ni mkono tu. Umezoea."

Bi Adero akacheka mpaka akaegemea ukuta, kiganja kikabaki kijani. Akasema wanafunzi wake huandika kurasa kumi wakilitafuta hilo hilo: mtu aliyekaa na mlima hadi akasahau kuutamani uwe wake.

Mzee Kagiri, aliyekuwa amekuja kuuona ukuta wa bintiye, ndiye ambaye hakuridhika. Tangazo bila jina la mwenyewe, alisema, tapeli atalicheka. Hapo chini aandikwe nani?

Muema akapiga magoti na brashi ndogo. Akachora viatu viwili vikuukuu, ukoka ukichungulia penye kamba. Mtu hakumchora.

"Mwenyewe ametoka kidogo," akasema.

Mzee Kagiri akauliza anarudi saa ngapi. Wangoi hakungoja jibu. Alikuwa ameshashika njia ya duka la rangi, kuleta nyeupe ya kuta tatu.