Mkeka wa Madhabahuni

Yulita aliusuka ule mkeka masika nzima, kibarazani kwa jirani yake Bi Sada, huko Fukayosi. Ukindu ulikuwa wa Bi Sada, rangi ya zambarau ya Bi Sada, na ufundi wenyewe ni yeye aliyemfundisha.

"Vuta, mwanangu! Unasuka ukili au unabembeleza mtoto?" bibi alimkoromea. "Mkeka wa ibada haulegei. Wangu uko msikitini miaka na miaka, watu wanasujudu juu yake mpaka leo."

Maneno hayo yalimkaa Yulita moyoni. Kanisani kwao, watu walipoitwa mbele na bahasha zao, yeye alipita na sarafu aliyoifumbata kiganjani isionekane. Aliitumbukiza, akarudi kukaa, na hakikubaki chochote cha kuonyesha kwamba Yulita naye ni wa humo. Safari hii angetoa kitu cha kubaki. Mkeka ungetandikwa mbele ya madhabahu, juu ya ile saruji ya baridi, na kila anayepokea Chakula cha Bwana angepiga magoti juu ya kazi ya mikono yake.

Jumapili ya mavuno alimkabidhi Zefania, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, baba. Huu ni wa madhabahuni."

"Marahaba. Ubarikiwe, mama," alijibu Zefania, macho yakiwa barabarani akimtazamia mgeni rasmi kutoka Dar.

Baada ya ibada watu wote walitoka nje kwenye mnada, kama desturi. Yaliuzwa maboga, wakauzwa kuku, na Yulita akacheka pamoja na wenzake. Alijua kila kilichovunwa hupigwa mnada. Hakudhani kwamba na cha madhabahuni nacho huuzwa. Kisha akauona mkeka wake umeinuliwa juu.

"Elfu thelathini!"

"Huyo ni mtu au mbu?" Zefania alitania kwenye kipaza sauti. "Semeni kwa nguvu, paa la kanisa halijaisha!"

"Laki moja!" alisema mgeni. Vigelegele vikapasuka. Akalipa, kisha akatangaza, "Narudisha, uuzwe tena!" Akaununua mara ya pili kwa laki mbili, na watu nusura wambebe juujuu.

Yulita alijipenyeza mpaka mbele. "Baba, ule ni wa madhabahuni."

"Mama, umetuezekea kanisa! Laki tatu kwa majani makavu! Unataka nini tena?"

"Utandikwe tu. Hata Jumapili moja."

"Una mwenyewe sasa. Ukishatoa, umetoa."

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililomkata Yulita maini.

Usharika ulikuwa umemwandalia mgeni zawadi ya mbuzi wawili. Dereva alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaangalia zulia jipya, akaguna. "Hawa wataniharibia gari." Akautandaza mkeka, akawapandisha. Mmoja alikojoa kabla mlango haujafungwa. Mgeni akapunga mkono dirishani, kwaya ikaimba, na Zefania akashika tena kipaza sauti.

"Mama Yulita, mwakani tuletee mwingine! Mkubwa zaidi!"

Watu wakampigia makofi. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutajwa mbele ya usharika.

Jioni Bi Sada alikuwa akimngoja kibarazani.

"Haya, niambie. Umetandikwa?"

"Umetandikwa."

"Na watu wameupenda?"

"Wameupenda sana, Bi Sada."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akamsogezea fungu jipya la ukindu, limekwisha kuchambuliwa. "Nilijua tu! Nikasema, hao watataka wa pili. Kaa basi, tuanze."

Yulita alikaa. Alichukua ukindu, akaupitisha juu, akaupitisha chini, bila kuukaza.

"Vuta, mwanangu," alisema Bi Sada. "Mbona unalegea?"