Tulivyokwenda Kumlilia Bwana Bach

Kina mama wa Itaka, mwana akiwaandikia kutoka chuoni, isomeni barua mara mbili kabla ya kujifunga kanga. Mimi Marita niliisoma mara moja, nusura nimfukuzishe mwanangu.

Mwaka 1954 Ezron wangu alikuwa chuo cha walimu cha misheni, mwendo wa siku mbili. Aliandika: "Mama, hapa wiki nzima ni Bach tu. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Alipofuka macho, akafa, akaacha mjane na watoto wengi. Ijumaa kila mmoja wetu ataulizwa habari zake. Asiyejibu vizuri anarudishwa nyumbani."

Mtu amekufa, vijana wanahojiwa, na kwetu hakuna aliyekwenda kulia! Kwetu Unyiha asiyefika msibani ndiye anayetazamwa vibaya.

"Wifi, twende," alisema Ferista, dada wa mume wangu. "Wasije wakasema ni sisi tuliomla kwa uchawi."

Tukabeba unga na maharage. Ijumaa tulipoliona lango la chuo tukaangua kilio. Nikaanza mimi, Ferista akadakia: "Baba Bach eee, umetuachia nani!"

Ezron akatoka mbio, kalamu mkononi. Nyuma yake mwalimu wa muziki, Bwana Jairo.

"Mama, kuna nini?" mwalimu aliuliza.

"Tumeleta pole, mwalimu. Mwanangu hakumgusa marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Si Bach!"

Ezron alifunika uso. "Mama, alikufa Ulaya, miaka mia mbili imepita."

"Mia mbili!" Ferista akamkazia mwalimu macho. "Na hamjaanua matanga?"

Mwalimu aliuma mdomo, mabega yakimtikisika. Kisha akakaza uso. "Aliyetoka kwenye mtihani harudi. Ndiyo sheria."

Hapo nililia kilio changu mwenyewe, kisicho cha desturi. "Nimemtoa mimi, mwalimu. Nifukuze mimi!"

Akamgeukia mwanangu. "Ezron, limebaki swali moja. Jibu hapa hapa. Bach alizipangaje sauti zake?"

Ezron akanitazama, akamtazama shangazi yake.

"Kama hawa walivyolia," akasema. "Mmoja anaanza. Wa pili anaingia na sauti ile ile kabla wa kwanza hajamaliza. Hakuna anayemngoja mwenzake, na hawagongani."

Mwalimu akacheka waziwazi, akamsukuma arudi darasani. Mwanangu akabaki chuoni.

Njia nzima ya kurudi Ferista aliniuliza kama yule mjane aliolewa tena.