Nyumba Tatu za Chai

Kwa miaka tisa Tabita alikuwa mke wa Edson, na kwa miaka hiyo tisa baba mkwe wake hakuwa amewahi kuuona uso wake. Msidhani mzee alikuwa kipofu. Macho yake yalikuwa mazima kiasi cha kumhesabia jirani kuku waliovuka mpaka wa shamba. Ilikuwa mila tu. Katika ukoo wa mzee Anyelwisye, kule Mbebe, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawakai chumba kimoja, wala hawapishani njiani bila mmoja wao kuingia majanini. Mila yenyewe ina mlango wa kutokea. Mkwe akijifungua mtoto wa kwanza, mzee humwita mbele ya watu, humpa kitambaa, wakatazamana, na tangu siku hiyo akawa binti wa nyumba. Wake wa shemeji zake wote walishapita mlango huo. Tabita hakujaliwa mtoto, na kila Krismasi alilia jikoni kwa mama mkwe wake akisingizia moshi.

Sasa mama mkwe alikuwa amefariki. Mzee alibaki peke yake, na mwezi wa tano akasahau maharage motoni, jiko likaungua nusu. Edson, ambaye ni dereva wa malori ya Kongo, akasema baba ahamie kwao Chapwa, mjini Tunduma. Neno jema, ila nyumba yenyewe ina vyumba viwili na sebule ambayo ukinyoosha miguu unagusa kabati. Watu wasiotazamana wangeishije humo? Ukoo mzima ulielewa maana yake. Mzee akikubali kuhama, itambidi amfungulie Tabita mlango bila mtoto. Akikataa, atakuwa ametangaza kwamba miaka tisa haikumfanya kuwa mke. Tena shangazi yake Edson, Mama Fortunata, alishaanza kumtajatajia binti fulani mwenye afya njema, kana kwamba Tabita alikuwa na homa.

Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema anataka kwanza kuitembea njia yake ya ujana, siku tatu kwa miguu, mpaka kule juu wanakokuita Mwangalio, ambako siku isiyo na ukungu unaona bonde lote la mto Songwe na milima ya Malawi ng'ambo.

"Nitajibu nikifika juu," alisema.

Edson alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, siku ya sita. Ndugu wengine walikuwa kwenye kahawa, na kahawa iliyoiva haimsubiri mtu. Ndipo Tabita aliposema, kutoka jikoni, "Nitampeleka mimi." Mama Fortunata alicheka mpaka akashika ukuta. Utampelekaje mtu usiyeweza kumtazama? Lakini Tabita ni Mnamwanga wa Ndalambo, na ukimcheka mtu wa namna ile umeshampa nauli.

Njia hiyo ni ya wachukuzi. Zamani, kabla ya bodaboda, vijana walibeba magunia ya kahawa kichwani kupita milima ile, na Anyelwisye alikuwa mmoja wao. Kila mwendo wa siku palikuwa na nyumba za watu ambako mchukuzi alipewa chai, viazi na mkeka wa kulalia. Wakaziita nyumba za chai. Zilikuwa nyingi, sasa zimebaki tatu.

Basi wakaanza. Mzee mbele na fimbo yake, akiimba tenzi za kanisani kwa sauti ili mkwe ajue yuko wapi. Tabita nyuma hatua thelathini, kitenge kimeshuka hadi kwenye nyusi, kikapu kichwani, macho kwenye nyayo za viatu vya mzee. Wakilazimika kuongea, mila iliwaruhusu kupitisha maneno kwenye kitu. Wao walipitisha kwenye kikapu.

"Kikapu!" mzee aliita bila kugeuka. "Umechoka?"

"Kikapu kinasema hakijachoka, baba."

"Kinadanganya. Kinahema kama ng'ombe wa plau."

Tabita akacheka ndani ya kitenge. Alimpenda mzee huyu, na hilo ndilo lililomuuma. Ungekuwa na mkwe mkorofi ungejua moja, ukanuna, ukalala. Huyu alikuwa mcheshi, mpole, na alimpa mgongo kwa miaka tisa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Alinanuswe, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi. Mzee akaketi sebuleni, Tabita akapelekwa jikoni. Bibi akamwekea chai ya maziwa yenye tangawizi, nzito, bila sukari.

"Umejuaje kama situmii sukari, bibi?"

"Mzee alituma ujumbe kwa kijana wa bodaboda tangu Jumatatu. Mkwe wangu hatumii sukari, ana baridi ya magoti, mpe mahali karibu na moto." Bibi akamtazama. "Huwa anakutaja sana."

Tabita akanywa chai yake. Anayemjali mtu hamfichi jikoni, aliwaza. Labda Edson ndiye aliyeyasema hayo na mzee akarudia tu.

Siku ya pili mvua isiyo ya msimu iliwakuta kwenye mteremko, wakakimbilia nyumba ya pili, kwa mzee Sadoki. Huyu alikuwa mchukuzi mwenzake Anyelwisye. Kwa nguvu za mwili alikuwa amebaki nusu, ila kwa mdomo alikuwa bado kijana. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja. Wakatundika shuka katikati, wazee upande wa mlangoni, Tabita upande wa ndani na mbuzi wawili. Chai ikamiminwa na viazi vya kuchemsha vikaletwa. Walikumbushana magunia, mito iliyofurika, na rafiki yao Raphaeli aliyewahi kuanguka na gunia akaamka akiomba radhi kwa kahawa. Tabita, nyuma ya shuka, alikuwa akitabasamu.

Kisha Sadoki akapunguza sauti, kwa namna ya watu wasiojua kupunguza sauti.

"Huyo humo ndani ndiye yule wa miaka tisa?"

Mzee alipuliza chai yake.

"Una moyo, Anyelwisye. Mimi mgomba usiozaa nang'oa, napanda mwingine."

Kikombe kikawekwa juu ya meza, taratibu. Kisha kiti kikasogea.

"Kikapu," alisema mzee. "Tunaondoka."

"Kwenye mvua hii?" alishangaa Sadoki. "Hata chai hujamaliza!"

Lakini mzee alishatoka. Tabita akabeba kikapu, akapita mbele ya Sadoki bila kuaga, akamfuata. Walitembea mwendo wa saa mbili mvuani. Mzee hakuimba wala hakukiita kikapu. Alipiga fimbo yake kwenye matope kama anayeadhibu mtu, na kila pigo Tabita alilihesabu kuwa lake. Ameona aibu, alijiambia. Ameona aibu kuonekana na mimi kwa rafiki yake. Akalia, maana mvua ina faida yake, mtu hakuulizi una nini. Akaamua palepale: mzee akisema hapana, hatamsubiri mtu amfukuze. Atamwachia Edson nafasi ya kuoa, atarudi Ndalambo kulima mahindi kwa kaka yake. Alimpenda Edson. Alipofikiria kufunga sanduku lake pale Chapwa, alishika mti.

Nyumba ya tatu, chini kabisa ya Mwangalio, ilikuwa ya dada mmoja aliyeitwa Felista, ambaye siku hizi hupokea hata vijana kutoka Mbeya wanaokuja kupiga picha. Aliwakausha, akawapa chai. Baadaye akamfuata Tabita jikoni.

"Dada, mzee amesema usilale huku. Amesema wewe upewe kitanda, yeye atalala kwenye mkeka."

"Mzee wa miaka sabini na nane, kwenye mkeka?"

"Nimebishana naye. Ni mbishi kama nini."

Tabita akakaa kwenye kile kitanda, mikono mapajani. Moyo uliokwisha kuumia ni mwerevu kwa kutafuta ubaya, nao ukapata. Hata mbuzi wa kuuzwa, aliwaza, hulishwa vizuri siku ya gulio.

Asubuhi walipanda. Walifika Mwangalio saa tatu, na hapakuwa na cha kuangalia. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima mzima. Malawi haikuwepo, bonde la Songwe halikuwepo, na miguu yako mwenyewe ulikuwa unaikisia. Mzee akapapasa jiwe, akaketi kuelekea kule ambako bonde lilipaswa kuwa. Tabita akabaki nyuma, hatua zake thelathini, lakini hakumwona tena, akaogopa asije akasogea ukingoni. Akakaribia hadi hatua kumi, kisha tano, akatua kikapu, akaketi. Ukungu ulimsitiri. Wakasubiri hivyo karibu saa nzima.

"Kikapu," alisema mzee hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Upo?"

"Kipo, baba."

"Kinaogopa?"

Tabita alitaka kupitisha jibu kwenye kikapu. Lilikataa kupita.

"Naogopa, baba," alisema. "Mimi, Tabita."

Mzee akakohoa, akakohoa tena.

"Na mimi naogopa. Miaka tisa nimekaa namsubiri mtoto aje atufungulie mlango, nikadhani ufunguo anao yeye. Siku lile jiko linaungua nilikuwa nakimbia na ndoo, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nikifa hapa nitaulizwa. Anyelwisye, yule aliyekuletea blanketi, aliyekuletea dawa ya miguu, aliyemwogesha mke wako alipokuwa hajiwezi, anafananaje? Na mimi, mzee wa kanisa, nitasema sijui."

Tabita alijifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Jana kwa Sadoki nilitaka kumpiga. Nikaona bora ninyeshewe."

"Nilidhani umeona aibu, baba."

"Niliona, tena sana. Sadoki alisema kwa mdomo yale ambayo mimi nimeyasema kwa mgongo miaka tisa." Akapumua. "Inuka. Njoo mbele yangu."

"Sijazaa, baba."

"Nimekuuliza?"

"Mila inataka watu, baba. Na kitambaa."

"Watu nitawaambia Jumapili kanisani, Fortunata akiwa amekaa mbele. Kitambaa hiki hapa." Ukasikika mchakacho wa karatasi ya dukani. "Alikinunua mama yako, miaka minne iliyopita. Alikiweka sandukuni akaniambia, Anyelwisye, usije ukafa na hiki. Yeye ndiye aliyetangulia."

Tabita akalizunguka jiwe. Akapiga magoti mbele ya mzee, kitenge kimefunika uso wote, mikono miwili mbele. Akahisi kitambaa kikiwekwa juu ya viganja vyake, na juu ya kitambaa mkono mkavu, mzito, wa mtu aliyebeba magunia.

"Tabita," alisema mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina hilo. "Nitazame, mwanangu."

Akashusha kitenge. Kitu cha kwanza alichoona ni masikio. Yalikuwa masikio ya Edson, yaleyale, yamesimama pembeni ya uso wa mzee mwenye ndevu nyeupe fupi na macho yaliyojaa maji. Mzee alimtazama polepole, paji la uso, mashavu, kidevu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa. Hakuna aliyeharakisha.

"Kumbe una mwanya," alisema mzee. "Yule mjinga hakuniambia kama una mwanya."

Tabita akacheka, mwanya ukaonekana wote, na kicheko kikageuka kilio katikati. Alilia kama mtoto, bila kutafuta moshi wa kusingizia. Mzee akamwacha alie, mkono wake ukiwa juu ya kichwa chake.

"Hicho chumba changu huko Chapwa," aliuliza, alipoona ametulia kidogo, "kina dirisha?"

"Kina, baba. Ila linatazama ukuta wa jirani."

"Si neno. Tutashuka, nifunge vitu vyangu."

Mara Tabita akahisi joto mgongoni. Kivuli chake kikaangukia magoti ya mzee. Akageuza shingo, na nyuma yake ukungu ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Mto Songwe ulikuwa unang'aa huko bondeni, na milima ya Malawi imesimama safu juu ya safu, ya kijani, kisha ya buluu.

"Baba, kumefunguka! Malawi ile pale!" Akaanza kujisogeza pembeni haraka, asimzibe.

"Kaa hapohapo," alisema mzee. "Malawi nimeshaiona."