Maneno Aliyoyajua Nakiru

Walimu wa nasari walikuwa wangali wanasukumana kutafuta viti visivyoyumba wakati mwanamke mmoja mrefu alipoingia darasani bila kusalimu, akaubamiza mlango nyuma yake, na kuanza kuwafokea kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeijua.

Ilikuwa Agosti mwaka wa tisini na sita, pale Ruring'u, katika shule iliyofungwa kwa likizo, na hii ilikuwa asubuhi ya kwanza ya kozi yao. Baridi ya Nyeri ilikuwa imewafunga wote ndani ya masweta na mashuka. Jeniffer Kathambi, aliyekuwa amefika jana yake kutoka Timau, aliketi mstari wa mbele kama alivyozoea tangu utoto. Alikuwa amefundisha nasari miaka mingi. Watoto wake waliingia darasa la kwanza wakijua kusoma, na mzee Kathurima, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alipenda kutangaza sokoni kwamba kwa Jeniffer hakuna mchezo. Kamati ndiyo iliyomtuma Nyeri. Yeye mwenyewe aliamini amekuja kuchukua cheti tu, kwa kuwa kazi alikuwa ameijua zamani.

Yule mwanamke aliandika alama fulani ubaoni, akageuka, akamnyooshea Kathambi rula.

Kathambi alitabasamu. "Sijaelewa, madam."

Mwanamke alirudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi. Kathambi akasimama, akidhani ndilo alilotakiwa kufanya. Sivyo. Rula ilitua mezani karibu na vidole vyake kwa kishindo, akaketi. Hilo nalo halikuwa sawa. Nyuma yake mtu alicheka kwa woga, kisha akanyamaza ghafla, kwani mwanamke alikuwa ameshamfikia na kumnyang'anya kalamu. Moffat, mwanamume pekee kwenye kozi hiyo, alibahatisha kuchora kitu kwenye karatasi yake. Mwanamke akaishika juu, akampigia makofi, akawaangalia wengine kama uchafu. Moffat hakujua amepatia nini, lakini alikaa wima.

Ikaja zamu ya Kathambi tena. Mwanamke aliinama mpaka pua zao zikakaribiana, akasema neno moja, taratibu, kama mtu anayesema na kiziwi. Kathambi akamnyooshea daftari lake. Sivyo tena. Alishikwa mkono, akapelekwa pembeni, akageuzwa uso ukutani.

Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, mwalimu, alisimama pale akitazama rangi iliyobanduka ukutani. Angeweza kugeuka na kusema basi. Angeweza kutoka. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakutoka. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa akisikiliza nyayo za yule mtu, zinakuja au zinakwenda.

Kisha sauti nyingine kabisa, ya upole, ilisema kwa Kiswahili, "Basi, walimu. Poleni sana. Mimi naitwa Magdaline, mimi ndiye nitawafundisha hii kozi. Karibuni Ruring'u."

Watiri, mwalimu mkongwe kutoka Othaya, alikuwa akilia bila kujificha.

Moffat ndiye aliyelipuka kwanza. "Madam, hiyo si haki! Sisi ni watu wazima. Niko na bibi na watoto, unanipigia makofi kama mtoto?"

"Na wewe nilikusifu," Magdaline akasema. "Hawa wengine je?"

"Ulitudharau!"

"Ndiyo. Sasa niambie, mwalimu, ni kitu gani nimefanya hapa ambacho hakifanyiki katika darasa zenu?"

Moffat aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Kathambi aligeuka kutoka ukutani ili arudi kwenye kiti chake, na ndipo alipohisi kitu kimelowa kidevuni. Ilikuwa kola ya sweta yake. Alikuwa ameitafuna muda wote aliosimama pale, naye hakuwa na habari. Aliitoa mdomoni akaitazama. Alimjua mwingine anayetafuna kola hivyo.

Nakiru. Mtoto wa mwanamke wa Kiturkana aliyekuwa kibarua kwenye shamba la maua. Aliletwa Januari, na kuanzia Januari hakuwahi kutamka neno darasani. Kathambi alimsemesha kwa Kimeru, akamsemesha kwa Kiswahili, akapandisha sauti, akamgeuza ukutani, naye alisimama tu akitafuna kola ya gauni mpaka ikatoboka. Muhula wa pili ulipokwisha, Kathambi alimwita mama yake akamwambia asijisumbue kumrudisha. "Huyu mtoto wako hana kitu kwa kichwa," ndivyo alivyosema, tena kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa habari ya mvua.

Wakati wa chai alimfuata Magdaline kwenye sufuria.

"Madam, ile lugha ulikuwa unaongea ni gani?"

"Kiturkana. Nilifundisha Lodwar miaka mingi."

Kikombe kilimponyoka Kathambi, chai ikamwagikia viatu vya wote wawili. Magdaline alidhani ameungua.

"Na ulikuwa unatuambia nini?" Kathambi akauliza.

"Vitu vidogo tu. Keti. Chora nyumba. Wewe nilikuwa nakuuliza jina lako."

Kathambi aliimaliza kozi ile kwa shida. Mchana waliimba, wakashona wanasesere wa matambara, wakajifunza kupanga kona za kuchezea darasani, na Watiri alicheka akaambukiza bweni zima. Kathambi alishika sindano akawaza. Kabla ya kuondoka alimwomba Magdaline amfundishe salamu. "Ejoka," Magdaline akamwambia, akamtaka arudie mpaka akalipatia.

Timau alifika Jumamosi. Jumapili baada ya kanisa alikwenda kambini kwa vibarua, safu ya vyumba vya mbao nyuma ya mashamba ya ngano. Alikuwa amebeba mkate na mwanasesere aliyemshona mwenyewe, na njiani alikuwa amejipangia maneno ya kuomba msamaha. Alijiona kama mtu anayepeleka habari njema.

Mama Nakiru alikuwa nje akifua. Alipomwona, alinyooka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Ejoka," Kathambi akasema.

Mama alishtuka, kisha uso ukafunguka kidogo. "Ejoka. Nani amekufundisha?"

Kathambi hakupata nafasi ya kujibu, kwa kuwa sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Ilikuwa ya mtoto, kali, yenye kupanda mwishoni, na kwa Kiswahili safi kabisa.

"Wewe! Bure kabisa wewe! Hata jina lako hujui? Angalia ukuta! Nimesema angalia ukuta!"

Kathambi alisimama kama aliyemwagiwa maji. Si maneno tu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokuwa nacho kabla ya kufoka. Alisogea mpaka kwenye kona. Nakiru alikuwa amepanga magunzi ya mahindi mistari mistari juu ya ubao, na mkononi alishika kijiti. Aliliokota gunzi moja, akalichapa, akaligeuza lielekee ukuta wa mbao. Kisha akainua macho.

Alipomwona Kathambi hakulia. Alikitupa kijiti, akaingia ndani mbio, akajisukuma chini ya kitanda mpaka nyayo zikapotea.

"Anacheza hivyo kila siku," mama alisema nyuma yake. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimchoma Kathambi kuliko hasira. "Mimi nilifurahi kwanza. Nikasema, aa, kumbe anajua Kiswahili. Halafu jirani akaniambia hiyo ni sauti ya mwalimu wake."

Maneno yote aliyojipangia Kathambi yaliyeyuka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwishowe alisema, "Mama Nakiru, ni mimi sikuwa na kitu kwa kichwa. Nimekosa. Ninaomba umrudishe."

Mama aliendelea kufua nguo mbili tatu. "Atarudi," akasema. "Lakini na mimi nitakaa pale mlangoni. Mchana nikitoka zamu ya asubuhi, nitakaa nione. Ukimgeuza ukuta, tunaenda na hatutarudi."

"Sawa."

"Na hiyo kitu ulibeba, mwachie hapo. Usimwingilie huko chini."

Kathambi alimweka mwanasesere kizingitini, akarudi nyumbani asijue alipopita.

Septemba, Nakiru alianza kuja mchana, na mama yake akaketi mlangoni juu ya kigoda. Mzee Kathurima alikuja kulalamika ati shule imekuwa kituo cha vibarua. Kathambi alimjibu kwamba huyo mama anamsaidia kufundisha, na haukuwa uongo, maana watoto wengine wa kambini walianza kuongea wakisikia nyimbo za Kiturkana alizowaimbia. Kelele za kusoma kwa kukariri zilipungua. Kona za kuchezea na michoro zikaongezeka. Wazazi wengine walinung'unika, na Januari, kwenye intavyu za darasa la kwanza, watoto kadhaa wa Kathambi walishindwa kusoma ukurasa waliopewa. Familia nne zilihamishia watoto wao wadogo nasari nyingine. Mzee Kathurima aliacha kumtaja sokoni.

Kathambi hakubadilika kama mtu anavyobadilisha nguo. Kuna siku alichoka, kikohozi kile kikamjia, na darasa zima likamnyamazia ghafla, macho yote kwake. Siku hizo alitoka nje, akashika nguzo ya baraza mpaka pumzi ikatulia, ndipo akarudi ndani.

Mwaka ule wa kwanza, Mama Nakiru alikaa mlangoni mpaka mvua za Novemba. Kisha akabadilishiwa zamu, na mchana mmoja mtoto akaja bila yeye, pamoja na watoto wa jirani. Alisimama kizingitini kwa muda mrefu. Kathambi hakumwita. Aliendelea kugawa uji, akabakiza kikombe kimoja mezani, na baada ya muda Nakiru akaja akakichukua, akaenda kuketi kati ya wenzake.