Karatasi ya Jumatatu Pale Mlangoni

Uvumi ulimkuta Kandida sokoni Ifakara, Jumatatu moja ya mwaka tisini na nane: kompyuta ya mradi wa mashamba imeanza kutaja watu. "Kwa majina kabisa," alisema muuza dagaa. "Nani kasema nini, juu ya shamba la nani." Kandida alijaribu kuupuuza, ukamng'ang'ania kama kupe. Anayeishughulikia kompyuta hiyo ni bintiye, Eveline.

Mchana Eveline akaja kula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivi, hiyo kompyuta yenu inasema watu?"

"Mama, nawe!" Eveline alicheka. "Tunatengeneza programu ya kuandikisha mashamba. Mna ubao humo ndani, unaonyesha kazi ipi imeisha, ipi bado. Halafu mna kurasa za maelezo, kila mmoja wetu anaandika alichosikia kwa wakulima. Ijumaa nimeviunganisha. Ukibofya kazi ubaoni, maelezo yake yanakuja hapohapo."

"Na ile karatasi ya mlangoni?"

Kila Jumatatu ubao ulichapwa, na Evod, mlinzi wa ofisi, akabandika mlangoni chochote kilichotoka kwenye printa, ili watu wa kijiji cha Kivukoni wasipoteze safari kuulizia mashamba yao.

Tonge lilimwanguka Eveline. "Leo zimetoka karatasi nyingi," alisema. "Sikuzitazama."

Wakakimbia mpaka ofisini, mtaa wa Viwanja Sitini. Mzee Dionisi alikuwa chini mlangoni, shingo imefunguka, damu inatoka kwa mapigo. Alikuja kuulizia shamba lake kama kawaida. Juu yake alisimama jirani yake Hermenegildi, karatasi mkono mmoja, panga mwingine.

"Soma!" alimfokea Eveline. "'Dionisi asema Hermenegildi aling'oa minyaa ya mpakani.' Si umeandika wewe? Haya, iambie kompyuta yako imshone!"

Akainua panga. Kandida alijitupa katikati. Panga lilimchana bega, likateremka kwenye mkono ambao Eveline aliuinua kujikinga. Vidole vitatu vikadondoka vumbini. Evod akampiga Hermenegildi rungu la kisogo, akaanguka. Hapo ndipo watu waliokusanyika walipookota matofali. Kandida aliwapigia kelele waache, huku amemlalia mwanawe. Hawakuacha mpaka kichwa cha Hermenegildi kikawa hakitambuliki.

Yeye na Mzee Dionisi walizikwa siku moja. Eveline yu hai. Anajifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto, na Kandida bado humsindikiza kila aendako.

Mwenye mtoto ofisini amwambie haya:

Usiunganishe maelezo ya siri na ubao unaosomwa na watu wote.
Usiandike jina la aliyekuamini mahali ambapo jina halihitajiki.
Usiache printa itoe karatasi usizozisoma.
Usimwachie mlinzi abandike asichoambiwa.
Usifanye badiliko Ijumaa ukaenda nyumbani bila kulijaribu.
Ukisikia watu wanasema, usingoje chakula cha mchana.